Katiba ya Mfereji

Harufu ya udongo mkavu unapopata maji ya kwanza hunirudisha Bigwa, kwenye bustani yetu ya kabichi chini ya milima ya Uluguru. Maji yalishuka kwa mfereji kutoka mtoni juu, na kila familia ilikuwa na zamu ya kuyafungulia. Mfereji ulikuwa na chama, na chama kilikuwa na katiba, ukurasa mmoja uliopigwa taipu na kubandikwa ukutani kwa mwenyekiti. Ilisema zamu ni ya mwanamume mwenye bustani. Kiangazi kile baba alifariki, na tukiwa bado kwenye matanga zamu yetu ikapita kavu. Kabichi zikaanza kulegea. Chakula chetu na shule yangu vilikuwa mle mle ardhini.

Mjomba, kaka yake mama, alifundisha uraia sekondari mjini. Jioni alikuja kukaa nasi, akiandaa masomo yake kwa sauti. Muhula ule ilikuwa katiba ya Marekani, nami nilimsikiliza mdomo wazi. Waasisi wake, alisema, walimchoka mfalme, wakayagawa madaraka mafungu matatu ili kila moja lilichunge jingine. Walianza na maneno “Sisi wananchi”, ilhali watumwa hawakuhesabiwa kuwa wananchi, na wanawake hawakuulizwa. Tangu hapo, zaidi ya miaka mia mbili, majaji wao wanabishana: maneno yasomwe kama waasisi walivyoyaelewa, au kama watu wa leo wanavyoyaishi? Nilistaajabu mno. Sikujua kwamba karatasi inaweza kuwasimamisha watu wazima wenye nguvu wakaanza kuulizana maana.

Mkutano wa chama ulipofika, mwenyekiti, mmoja wa waliouchimba mfereji ule, alikuwa amekwisha kupata tafsiri yake. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye msimamizi wa watoto wa dada yake. “Mwanamume si huyu hapa!” alisema kwa furaha, akimwonyesha mjomba aliyekaa kando yetu. “Mwalimu ataandikwa, dada yetu atamwagilia. Katiba hatujaigusa.” Watu wakashusha pumzi. Mimi pia, maana nilitaka maji tu. Mama akasimama.

“Shikamoo, mwenyekiti. Bustani ni ya ukoo wangu, nimeirithi kwa mama yangu, na jembe nashika mimi. Msinipitishe mlango wa uani wa neno mwanamume. Niandikeni.”

“Dada, na wakikataa?” mjomba alinong'ona.

“Kabichi zikauke.”

Hatukuwa na kitu kingine. Mjomba akainuka akawaambia watu kwamba hata Wamarekani, neno lao likigoma kuwabeba watu wote, huliongezea jingine, na wanaopiga kura ya kulibadili ni wale waliokwisha kuwa ndani. Kila mwanamume pale alielewa kwamba mama akiandikwa, wanawake waliokaa nyuma yetu nao watataka zamu, na maji ya kiangazi hayaongezeki. Mama alikaa chini. Hakuwa na kura. Mwenyekiti aliitazama karatasi yake ukutani, halafu akauliza nani anaafiki, na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wake. Ikafuata mingine, mmoja mmoja, kwa kusitasita. Si yote, ila ilitosha.

Sasa mimi ni mwanachama, na bustani ni yangu. Mto umepungua sana. Mwaka huu vijana wanaolima kwa kukodi wamekuja kuomba nao waandikwe, na katiba yetu inasema mwenye bustani. Wenzangu wamebishana asubuhi nzima juu ya maana ya neno “mwenye”. Miaka yote hii nimekuwa nikimstaajabia mama kwa ujasiri wake. Lakini nilipokaa pale, kura ninayo na zamu yangu ndiyo inayokwenda kukatwa, kwa mara ya kwanza niliwastaajabia wale wanaume. Mkono ni mzito kweli. Nikaunyoosha.