Sura ya Mwalimu

Jirani yangu hapa mtaani Queensbury husomesha sarufi ya Kiarabu kwa simu, na wanafunzi wake wako Maskati na Aden. Kabla ya somo hujitanda mtandio wa kijani, huiegemeza simu kwenye birika, halafu hukohoa kidogo kama anayebisha hodi. Mtoto akikosea irabu hamgombi. Hugusa meza kwa kidole mpaka ajirekebishe mwenyewe.

Alhamisi moja Sundus, binti wa Maskati, alimwandikia kumshukuru kwa somo la jana. Jana hiyo mwalimu alikuwa kitandani na homa, na mimi ndiye niliyempikia uji. Tukafungua video aliyotuma Sundus. Ilikuwa sura ya mwalimu, mtandio wake, hata kikohozi chake. Mtu tusiyemjua alikuwa amechukua video zake akaunda kwa kompyuta sura inayosomesha kutwa bila kuchoka.

“Mwambie si wewe,” nilimsihi.

“Nimeshamwambia, Bi Haifa. Kasema yule ana subira zaidi.”

Wanafunzi wakahamia huko mmoja mmoja. Juzi asubuhi nikasikia sauti yake ukutani, nikafurahi, nikampelekea maandazi. Nikamkuta kakaa kichwa wazi, anaitazama simu. Sauti ilikuwa ya ile sura, na ilikuwa inauliza swali. Alikuwa ameingia darasani humo kama mwanafunzi, akaandika jibu la makosa, makusudi, mbele ya wote.

“Umepatia, mwanangu,” sura ikamwambia, ikitabasamu.

Chini ya jibu lake, Sundus na wenzake wakaanza kulinakili.