Mtandio wa Kijani wa Hiba

Jambo la kwanza nililoliona kwa Kuruthum ni mkono wake wa kushoto. Kabla ya kugusa rangi ya picha yoyote aliunyoosha hadi karibu na kioo cha kompyuta, akautazama mgongo wa kiganja, kisha akautazama uso wa bibi harusi. Nilikuwa nimempelekea kanda ya harusi ya dada yangu, na nikadhani hayo ni mazoea ya mafundi tu. Tulipozoeana ndipo aliponieleza yalianzaje.

Kuruthum alizaliwa Bujumbura, akaja huku Ibra, nchi ya Waarabu, na wazazi wake akiwa msichana. Kwa kuwa mwanamume hawezi kuingia na kamera kwenye harusi ya wanawake, yeye aliitwa kote, kuanzia Samail hadi Sur. Kazi yake aliifanyia katika chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yake Hamed, nyuma ya pazia.

Kwenye kompyuta alikuwa na programu mbili za kurekebisha rangi. Moja ilikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza, nyuso zote zinang'ara na kuwa nyeupe. Nyingine ilikuwa na magurudumu matatu: la sehemu za kivuli, la rangi za katikati na la sehemu zenye mwanga. Hiyo ilitaka subira, na kompyuta ilikuwa ikikwama mara kwa mara. Wateja walitaka diski upesi, na walitaka mabibi harusi weupe. Kuruthum akachagua kitufe.

Kisha ikaja harusi ya Hiba, msichana wa Al Qabil. Mama yake, Bi Fatma, alikuwa Bujumbura akimuuguza bibi yake Hiba, hakuweza kuja. Siku ya hina, Hiba akiwa amekaa na mtandio wa kijani kichwani, alimnong'oneza Kuruthum: "Dada, uniache na rangi yangu. Mama ataniona humo."

Kuruthum alitabasamu tu. Bibi harusi wa huku hutarajiwa kuona haya: akipewa chakula husema ameshiba, akisifiwa hukana. Alidhani na maneno hayo ni haya ya bibi harusi. Alipokaa kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe.

Miezi ikapita. Kwenye harusi moja Nizwa, shangazi yake Hiba, Bi Badria, alikaa karibu na Kuruthum na kumsimulia kwamba diski ilifika Bujumbura, na Bi Fatma aliitazama akalia. Tangu Hiba akiwa mdogo, mama alikuwa akimkataza krimu za kujichubua, kwa kuwa ziliwahi kumuunguza uso ndugu yake mwenyewe. Sasa aliamini binti yake amemdanganya. Hiba alijieleza kwenye simu, lakini picha za harusi alizopigwa studio nazo zilikuwa nyeupe vilevile, na mama akaacha kuzungumza naye.

"Hata mtandio umekuwa kama majani makavu ya mbuzi," Bi Badria alisema. "Tukasema labda ndiyo fasheni."

Kuruthum alicheka pamoja naye. "Nilicheka," aliniambia, bila kunitazama. "Maneno yalikuwa mdomoni, nikayameza na kahawa."

Tangu siku hiyo kila alipokigusa kile kitufe alimwona Bi Fatma akilia. Mwishowe alikwenda Al Qabil, akamweleza Hiba yote.

"Kumbe ni wewe," Hiba alisema. "Mimi nilidhani ni kamera."

"Uliniambia, mdogo wangu. Sikukusikiliza."

 Hiba akauliza kama kanda bado ipo. Kuruthum alikuwa na desturi ya kurekodi juu ya kanda za zamani. Kanda ya ukumbini ilikwishafutika, ila ya siku ya hina ilisalimika.

Hiba akaja Ibra na mtandio wake. Akautandaza kando ya kioo, akaweka na mkono wake juu yake, na Kuruthum akaanza kuyazungusha magurudumu, kidogo kidogo. Taa za mirija za siku ile ya hina zilikuwa zimetia nyuso ukijani wa ugonjwa. Ilibidi auondoe huo bila kuufifisha mtandio.

"Hapo umenipaka majivu," Hiba alisema. Na baadaye: "Sasa umenichoma. Nitakimbilia kile kitufe chako."

Walipofika mahali walipokubaliana, mkono uliokuwa juu ya mtandio na mkono uliokuwa kwenye picha ulikuwa mkono mmoja; tangu hapo Kuruthum huanza kila picha kwa kuutazama mkono wake mwenyewe. Mwanzoni mwa diski Kuruthum alitia sauti yake mwenyewe, akimwambia Bi Fatma kwamba kosa ni la fundi, na binti yake hakupaka kitu.

Diski ilingoja miezi hadi Hamed alipopata safari, akaondoka nayo. Jana amefika Bujumbura, na leo baada ya alasiri ya huko atamwekea Bi Fatma aitazame. Hapa Ibra magharibi imeshaingia. Hiba amekuja, simu yake iko mezani katikati yetu, tunangoja ilie, na kahawa niliyowamiminia imepoa. Kuruthum ameuweka mkono wake wa kushoto karibu na ile simu, anaitazama.