Siku Shangazi Alipouhurumia Mguu Wangu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, Jumapili moja niliyoipitisha nimelala chali katika wodi ya wanaume mjini Shinyanga, nikiutazama mguu wangu wa kulia kama mtu anayetazama mali ya jirani.

Wiki mbili kabla yake nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesoma sura moja na nusu ya jiolojia. Likizo ilipofika nikaenda machimbo ya Nyarugusu kuwaonyesha wachimbaji mahali dhahabu ilipo. Waliniambia nisisogelee duara, yaani shimo lao la kuchimbia, wakati wanashusha matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Mimi nilikuwa naeleza. Gogo moja likateleza, likanivunja paja, na somo likaishia hapo.

Hospitalini daktari alipitisha pini ya chuma chini kidogo ya goti. Akaifunga kamba, kamba ikapita kwenye gurudumu dogo miguuni pa kitanda, na mwishoni mwake vikaning'inia vyuma vizito. Alinieleza kwamba misuli ya paja huvuta vipande vya mfupa vikapandana, na uzito ule ndio unaovinyoosha mpaka viungane. Nikaitikia kwa kichwa, kisomi.

Jumapili hiyo akaja shangazi yangu kutoka Maganzo, na hotpoti ya wali na kuku. Alivitazama vile vyuma, machozi yakamlenga.

"Baba, nani kakufunga hivi kama ng'ombe wa mnadani?"

"Ndiyo matibabu, shangazi."

"Yanauma?"

"Sana."

Aliinuka kwenye stuli aliyokalia, akaisukuma chini ya vyuma, vikatulia juu yake, kisha akaifunika kwa kitenge chake. Maumivu yakapungua papo hapo. Mwanangu, nilijua kabisa kwamba hilo lilikuwa kosa. Nilimwambia, "Wabeja, shangazi," asante ya Kisukuma chetu, nikala kuku wangu. Alipoondoka, sikumwambia mtu.

Keshokutwa yake Mama Kulwa, muuguzi mzee wa wodi ile, alikiinua kile kitenge. Hakupiga kelele. Alitoa stuli, akachukua futi ya kamba, akaipima miguu yote miwili. Wa kulia ulikuwa umefupika upana wa kidole.

"Nani kaweka?"

"Shangazi."

"Huyo namsamehe, hakuelezwa. Wewe ulielezwa."

"Nilikuwa naumwa, mama."

"Najua unaumwa. Lakini mfupa haujui kama unasoma chuo. Utaunga hivyo hivyo ulivyolegezwa, halafu utachechemea mpaka uzeeni, ukiwasimulia watu shule ulizosoma."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Nami ningecheka, kama isingekuwa paja langu.

Bahati yangu mfupa ulikuwa bado haujashika. Daktari aliongeza uzito, na usinitake nikusimulie wiki ile. Shangazi aliporudi, Mama Kulwa hakumfukuza. Alimvutia kiti, akamweleza taratibu kazi ya kila chuma, akamkabidhi ulinzi. Tangu hapo nikawa na askari. Mgeni akigusa kamba, anakemewa kwa Kisukuma. Mfupa ulipounga na goti likawa limekakamaa, ni shangazi aliyenisimamia kulikunja asubuhi na jioni, nikiomba huruma ile ya zamani nisiipate. Nikatembea kwa magongo mawili, kisha moja, kisha kwa miguu yangu, ambayo leo inalingana. Hao wanawake wawili nawashukuru kila ninapopanda ngazi.

Mwanangu, atakayekuumiza kwa kukupenda utampata mapema kuliko adui. Usimgombeze. Mweleze, umkatalie kwa heshima, naye atakuwa msaada wako. Na anayekutibu mwambie ukweli, hata ule unaokuaibisha, kwa sababu hawezi kunyoosha kilichofunikwa. Usikatishe mazoezi siku maumivu yanapoisha, maliza uliyoambiwa.

Mungu akulindie viungo vyako vyote. Na siku kimoja kikivunjika, akuweke mikononi mwa watu wanaokupenda kiasi cha kukukatalia.