Kitambaa cha Memsahibu

Wajukuu zangu hubadilisha kazi kama viatu, kisha wanakuja kuniuliza kama mimi nilijuta kuacha yangu. Niliacha kazi wakati wa Emajensi, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, nikiwa na mimba, mume wangu yuko kizuizini. Kaeni hapo mnisikilize.

Nilikuwa yaya kwa ofisa mmoja mzungu, Embu mjini. Kazi hiyo ilinipa pasi ya kutoka kijijini, kile kijiji tulichozungushiwa waya, na kwa sababu yake mimi na mama mkwe tulisamehewa kuchimba mtaro wa kukizunguka. Wanawake wengine walichimba kutwa, homugadi, mlinzi mweusi wa serikali, kasimama juu yao na bunduki.

Siku mtoto wa memsahibu aliposimama mara ya kwanza, nilifurahi mpaka nikasahau niko nyumba ya nani. Nikamtemea mate kidogo kifuani, vile nyanya yangu alivyokuwa akinibariki mimi. Memsahibu akaona. Alimnyakua mtoto, akamsugua kwa dawa ya kuoshea choo. Kunifukuza, hakunifukuza. Alikata kitambaa, akasema kuanzia leo nitamshika mtoto mdomo ukiwa umefungwa, kama ndama anayeachishwa kunyonya.

Nilikifunga. Nilikaa nacho mpaka wakati wa chai. Halafu nikakifungua, nikakiweka juu ya keki yake, nikaenda zangu.

Mama mkwe aliniuliza kama nimerogwa. Pasi ilichukuliwa, na sote wawili tukaingia mtaroni. Alikuwa akichimba karibu nami makusudi, ili nisikie. Aliwaambia wanawake kwamba mwanawe hakuoa mke, alioa mdomo, na kwamba mimba hii ikitoka, wote wanamjua aliyeiua. Nilishika tumbo kwa mkono mmoja, jembe kwa mwingine.

Mvua zilipoisha, mpishi wa memsahibu alikuja mpaka ukingoni mwa mtaro. Mtoto alikuwa amekataa kila yaya. Nirudi, pasi iko tayari, na kitambaa pia.

Mama mkwe akaweka jembe chini. "Mke wa mwanangu, kitambaa ni nguo tu. Kivae."

"Mama, kivae wewe."

Alinitupia bonge la udongo, likanipata begani. Mpishi akageuka akaenda.

Kujuta? Mgongo wangu ulijuta. Miguu iliyovimba ilijuta. Mimi, hapana. Nilichoogopa ni kwamba maneno ya mama mkwe juu ya mimba yangetimia.

Mtoto alizaliwa mdogo kama panya, lakini analia kwa nguvu. Ndiye mama yenu huyo. Mama mkwe aliingia mikono ikiwa bado na udongo wa mtaro, akamfunua kifua, akamtemea mate ya baraka bila haraka. Kisha akaniangalia.

"Mtoto nimembariki," akasema. "Wewe sijakusamehe."

Na hakunisamehe mpaka tulipomzika.