Barabara ya Ziwani, Pale Simu Zinapoamka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mashine. Nilipewa fyekeo na viatu vya mpira, nikaambiwa nipande lori twende Litapunga kuzibua mitaro. Nilikuwa nimefika yadi ya barabara hapa Mpanda nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, maana cheti changu kilisema nimesomea mitambo, na kwa akili yangu mtu wa mitambo kazi yake ni kukaa juu ya kiti. Nyapara, ndiye aliyekuwa msimamizi wa vibarua wote, alilitazama lile shati akacheka mpaka akashika kiuno.

"Harusi ya nani hiyo?" akaniuliza. "Kijana, greda utalipanda. Lakini kwanza nataka ujue maji yanapita wapi. Mtu asiyejua maji yanapita wapi ataniharibia barabara."

Nilikata nyasi na kuchimbua matope mwaka mzima na zaidi, Litapunga kisha Kasokola, na leo namshukuru yule mzee. Nyie vijana mnapita juu ya barabara ya changarawe mnadhani ni udongo uliomwagwa tu. Ile haichongwi bapa. Katikati inainuliwa kidogo, tunaita mgongo, ili mvua ikinyesha maji yakimbilie mtaroni kila upande. Mgongo ukiwa mdogo, maji yanatuama na mashimo yanaanza. Ukizidi, gari linavutwa pembeni na dereva anakazana na usukani njia nzima. Tulikuwa tunaupima kwa kamba na pima maji, kile kibao chenye kichupa na povu ndani yake, na mimi nilikuja kuujua kwa macho tu, hata sasa naujua.

Nilipopewa greda hatimaye, nikawa chini ya Fundi Mkuu. Huyo alikuwa hasemi sana. Ukimaliza kuchonga kipande chako anakuja na Landrova, anaweka kikombe cha chai juu ya dashibodi, anapita taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Boniface, chai imemwagika," anasema, basi, anageuza gari. Unarudi kuchonga upya hata kama jua linazama. Ilinichukua miezi mingi mpaka siku aliyoinywa ile chai yote mbele yangu, akanirudishia kikombe kitupu. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, na barua za pongezi nimepata.

Mawasiliano yetu siku hizo yalikuwa redio koli, ile ya kwenye gari yenye waya na kipaza sauti cha kubonyeza. Amri ya Fundi Mkuu ilikuwa moja: redio ikiita, simama, zima injini, ndipo ujibu. Msije mkadhani tulikuwa watakatifu. Landrova za dizeli zilikuwa na kelele, usipozima injini husikii chochote. Tulisimama kwa sababu hatukuwa na namna. Simu za mkononi zilipoingia, mtu akaweza kusikia vizuri huku gari linatembea, na ile tabia ya kusimama ikaisha bila mtu yeyote kuifuta. Mimi mwenyewe niliona ni maendeleo.

Miaka yangu ya mwisho nilipandishwa kuwa msimamizi wa sehemu, nikakabidhiwa barabara inayotoka huku kwetu kwenda ziwani. Ni barabara ya msitu. Ukiondoka ziwani na samaki wako unaingia miombo, na humo hakuna mtandao kabisa, mwendo wa zaidi ya saa moja. Halafu unapanda kilima, unatokea juu kwenye kipande kilichonyooka, tambarare, hakina kona wala kalavati la kupitishia maji. Hiyo ni kilometa ya thelathini na nane. Nilikichonga kipande hicho vizuri kuliko vyote, na wenye magari ya samaki walikuwa wakinikuta mjini wananipigia honi.

Sasa kiangazi kimoja, magari yakaanza kuanguka hapo hapo. Kwanza pikapu ya mihogo iliingia mtaroni, watu wakatoka wakijipangusa. Baada ya muda likapinduka lori la dagaa. La tatu lilikuwa la Shabani.

Shabani alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa sokoni Mpanda, na alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Idd tunakula kwake, Krismasi wanakula kwetu. Ni kijana niliyemwona anakua, mwangalifu, hanywi, havuti. Gari lake lilitoka barabarani saa nne asubuhi, jua limewaka, likagonga mti, na mguu wake wa kulia ukasagika. Madaktari waliukata chini ya goti. Nilipofika wodini nilimuuliza ilikuwaje. Aligeuza uso ukutani.

"Usukani ulivutwa, Mzee," akasema. "Barabara ilinivuta."

Maneno hayo yalimaliza mji mzima kwa siku mbili. Wengine wakasema kuna jini pale juu. Wengi wakasema ni mgongo, Mzee Boniface amezeeka, haoni tena. Vijana wa bodaboda pale stendi, niliozoea kutaniana nao, wakawa wananiambia, "Mzee Greda, barabara yako inakula watu." Walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa naenda nyumbani sili.

Meneja wetu wakati huo alikuwa mhandisi mwanamke, bado kijana, msomi kwelikweli, na anayejua kazi. Aliniita ofisini. Alinipa shikamoo na kunivutia kiti mwenyewe, nikajua tayari kuna jambo.

"Mzee wangu," akasema, "magari matatu, sehemu moja. Madereva wawili wanasema gari lilivutwa. Mimi nifanyeje?"

"Mama, nimeupima mgongo ule mara mbili. Uko sawa."

"Upime tena, uchonge upya. Likianguka la nne nitakutoa kwenye barabara ile nikurudishe yadi. Siwezi kumwacha mtu pale kwa sababu ya heshima ya umri. Unanielewa?"

Nilimwelewa, na nilijua ana haki. Lakini ilikuwa imebaki miezi tu nistaafu. Nilijiona nikimalizia utumishi wangu kwa kuhesabu spana kwenye stoo, watu wakinionyesha kidole kuwa ndiye yule aliyemkata Shabani mguu. Iliniuma sana, sitaficha.

Nilikwenda kilometa ya thelathini na nane na kamba yangu. Mgongo ulikuwa sawasawa. Nikaacha kamba nikaanza kutazama alama za matairi ya gari la Shabani, ambazo zilikuwa bado zinaonekana. Gari linalovutwa na mgongo mbaya linaacha fujo: dereva anapambana, anapiga breki, changarawe inachimbuka. Hapa hapakuwa na breki hata kidogo. Matairi yalitoka polepole, kimshazari, kama ng'ombe anayeacha njia kufuata majani. Alama za namna hiyo ni za dereva aliyesinzia. Lakini nani anasinzia saa nne asubuhi, tena ametoka tu kupanda kilima kwa gia ya pili?

Nikakaa kwenye jiwe nikiwaza. Mara simu yangu mfukoni ikaanza kulia, ikalia tena, na tena, meseji zinaingia moja juu ya nyingine. Nilikuwa nimetokea ziwani asubuhi ile, na hapo juu ndipo mtandao unaposhika mara ya kwanza. Nikaitoa, nikainamisha kichwa kusoma, na nikiwa nimeinama hivyo hivyo likapita lori la samaki likipepesuka karibu kabisa na mtaro wangu. Nikanyanyua macho. Dereva naye alikuwa ameinama. Nilibaki kwenye lile jiwe mpaka mchana nikiangalia vichwa. Wanapanda kilima wanatazama mbele, wakifika pale wanatazama magotini. Hata wa pikipiki, mkono mmoja unakwenda kwenye kofia ngumu walikochomeka simu.

Nikarudi mjini nikamwomba Meneja twende wote ziwani kukagua makalavati. Sikumwambia zaidi. Yeye alipenda kuendesha mwenyewe. Wakati wa kurudi, tulipokaribia kilele, nikamwomba apunguze mwendo, eti mgongo unaniuma, na kweli ulikuwa unauma. Tukatokea juu. Simu yake ikaita kwenye kikapu cha pembeni, halafu meseji zikafuatana. Mkono wake ukaenda. Macho yakafuata mkono. Mimi nilikuwa nimeshajiweka tayari kuushika usukani, maana nilijua ninachokifanya ni cha hatari na sina uhakika kama nilikuwa na haki ya kukifanya.

"Mama," nikasema, "tazama mbele."

Tairi la kushoto lilikuwa limeshakanyaga ukingo wa mtaro. Alilirudisha gari, akasimama, akazima injini.

"Umenitega, Mzee."

"Nimekaa tu, Mama. Hapa unapita kila wiki."

Akashuka. Tukaenda kwa miguu mpaka kwenye mti wa Shabani, nikamwonyesha alama, nikamwonyesha mahali zinapoanzia. Alilinganisha na alama za gari lake mwenyewe. Na hapa ndipo ninapomsifu yule mama mpaka leo: kwenye ripoti yake aliandika yote, hata la kwake. Aliandika kwamba barabara haina kosa, imechongwa inavyotakiwa, na kwamba yeye meneja alitoka njiani mahali hapo hapo akiangalia simu. Alinipa nakala. Ninayo.

Akaniuliza tufanyeje. Nikamwambia kukataza peke yake hakutoshi, mtu aliyekuwa msituni saa nzima lazima atasoma. Basi tumpe pa kusomea. Nilileta greda, nikachonga sehemu ya kuegesha upande wa kushoto, pale pale simu zinapoanza kuamka, pana, inaingia malori mawili, na mtaro wake na mgongo wake. Nikakata bati la pipa, nikaandika kwa mkono wangu: SIMU INASHIKA HAPA. SIMAMA USOME. Wiki ya kwanza walicheka. Wiki ya pili akaja mama mmoja na karanga za kuchemsha, mwingine na chai, madereva wakaanza kusimama. Mpaka naondoka kazini, hakuna gari lililoanguka tena pale. Nimechonga barabara nyingi katika mkoa huu, ila kile kipande kidogo cha kuegesha ndicho ninachokitaja nikiulizwa.

Nilikwenda kwa Shabani kumpa habari. Alikuwa ameketi barazani, magongo yake kando. Nilimweleza kwa kujigamba, sitasema uongo, nilijigamba: Meneja alivyozima injini, ripoti, bati. Nilidhani atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha macho.

"Mzee, nikwambie kitu," akasema. "Siku ile netiweki iliposhika, simu na meseji zilizoingia zote zilikuwa zako."

Nikakumbuka. Wageni wa posa ya binti yangu walikuwa wanakuja siku ile, na mimi nilimwagiza migebuka, wale samaki wa ziwani. Nilimpigia mara tatu, hapatikani, nikaandika meseji: Shabani umefika wapi, wageni wamekaribia, nijibu. Nilijua yuko njiani. Nilijua yuko nyuma ya usukani, nani mwingine angekuwa nyuma ya usukani? Na bado nikaandika nijibu.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesemaje? Ulikuwa unakuja wodini kila siku na uji aliopika mama wa nyumbani kwako. Nikaona bora niseme usukani. Sikujua watakuja kukuuliza wewe."

Nikalia pale barazani kwake, mtu mzima na mvi zangu, na yeye mwenye mguu mmoja ndiye aliyekuwa ananibembeleza. Nilimwomba radhi. Aliniambia alishasamehe kabla sijajua. Sasa ana meza yake ya samaki sokoni, na migebuka yangu nakwenda kuichukua mwenyewe kwa miguu.

Nimestaafu vizuri. Nilikabidhi greda likiwa linafanya kazi na barabara bila shimo, wakaniandalia chakula, Meneja akaongea mpaka nikaona aibu. Vijana wanaoanza kazi hii wakija kwangu nawafundisha mgongo, mtaro na pima maji. Na wote, wawe madereva au wasiwe, nawaambia hili la simu, kwamba anayepiga naye yumo ndani ya lile gari.

Juzi binti yangu, yule wa posa, alikuwa anakuja kutusalimu kutoka Sumbawanga, anaendesha mwenyewe, watoto wako nyuma. Alisema saa nane atakuwa ameingia. Saa nane ikapita. Saa tisa mke wangu akaniambia, "Mpigie basi, tujue amefika wapi." Nikakataa. Akachukua simu yake, nikamwomba aiweke chini, akaiweka huku amekasirika. Tukakaa hivyo, chakula kinapoa. Saa kumi na robo tukasikia gari getini.

Alishuka anajinyoosha, akanipa shikamoo, watoto wakanirukia. Walikuwa wamesimama njiani kula.

"Baba, leo hata hamkunipigia," akasema. "Hamkuwa na wasiwasi?"

"Tulikuwa nao mwingi, mwanangu," nikamwambia. "Ila ulikuwa unaendesha."