Ukuta wa Nyuma

Nyumba ya Mama Irine pale Sekei ilikuwa na sura mbili. Mbele ilikuwa na lipu, rangi na maua kwenye makopo. Nyuma ilikuwa tofali za udongo tupu, jinsi zilivyotoka kwenye kalibu. Na masika ya huku hayana adabu ya kubisha hodi mlango wa mbele: yanapanda na upepo kutoka upande wa Nduruma, yanapiga nyuma.

Na nyuma ndiko alikolala Hans, mumewe. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia pamoja na maneno karibu yote, kikamwachia machache: maji, Irine, ndiyo, baridi. "Baridi" ndilo alilolisema zaidi. Ukuta wa kitandani kwake ulinyonya maji mpaka ukaota ukungu wa kijani, na kifua chake kikaanza kukoroma. Daktari alisema mgonjwa akae pakavu. Mtu atauliza, si wangemhamishia sebuleni? Sawa, ni rahisi kusema. Lakini sebuleni ndiko wanakokaribishwa wageni, na Agnela, maana ndilo jina lake hasa huyu Mama Irine, hakuwa mwanamke wa kumbadilisha mumewe nguo mbele ya wazee wa kanisa.

Krismasi ile alikuja shemeji yake Kaanaeli kutoka Machame. Akaingia chumbani, akagusa ukuta kwa kiganja, akakifuta kiganja kwenye suruali.

"Shemeji, mimi sikulaumu," alisema, na mtu akianza hivyo ujue lawama ziko njiani. "Lakini masika yakimkuta kaka na ukuta huu, tunampeleka nyumbani. Mama amesema."

Nyumbani maana yake Machame, kwa mama mkwe, ambaye tangu siku ya harusi hadi leo humwita Agnela "yule wa Kibosho". Na Agnela asingeweza kumfuata mumewe huko. Duka lake la vitambaa ndilo lililonunua dawa za Hans, na duka halifunguki lenyewe. Alijua kabisa: Hans akivuka geti la mama yake, hatarudi tena. Basi akaapa ukuta utavishwa kabla ya masika, na utavishwa vizuri.

Hapo kwenye "vizuri" ndipo alipopotea, maskini. Irine, binti yake aliyeko Mwanza, alimrushia picha kwenye simu: nyumba za vigae, nyumba za mabati ya rangi, nyumba zilizobandikwa mawe ya kijivu mpaka zinaonekana kama hoteli za watalii. Jioni Agnela alikaa kitandani, akamwonyesha Hans picha moja moja. Hans akazitazama zote, akahangaika na mdomo wake, kisha akatoa neno ambalo halikuwemo kwenye yale machache.

"Mabanzi."

Nyumba aliyozaliwa Hans ilikuwa ya mabanzi, zile mbao za pembeni ya gogo zenye magome yake. Mvua ya mlimani iliteleza juu yake miaka na miaka, ndani pakavu. Agnela akacheka.

"Mabanzi ni ya zizi, Baba Irine. Kaanaeli aje akute nimekufungia kama ng'ombe?"

Hans akageuza uso. Agnela akachagua mawe.

Ikabaki kumtafuta fundi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Agnela aliwahi kuumwa: fundi wa paa alimwachia nyumba wazi akapotea na misumari. Safari hii aliuliza kila mahali, sokoni, kanisani, kwa muuza simenti. Alitaka fundi mwenye hofu ya Mungu, asiyegusa pombe ya mbege, na juu ya yote alitaka kuiona kazi yake kwa macho.

Hivyo ndivyo alivyompata Brayson. Kijana mtanashati, akivua kofia kabla ya kusalimia. "Shikamoo mama," kisha akakagua nyumba kimya kimya.

"Mimi sijisifu, mama," alisema. "Nenda Makumira kwa Mama Evaresta. Kazi yangu ikakuambie yenyewe."

Agnela akaenda, na khanga mpya ya kumzawadia mwenyeji. Ile nyumba, jamani. Mawe yamepangwa ukutani yakakaa, hata wembe huupenyezi katikati. Mama Evaresta, mwanamke mzito wa sauti ya chini, alimpokea kwa mikono miwili, akamwekea kiti barazani, akaleta chai ya maziwa na ndizi za kuchoma. Wakazungumza habari za watoto, za mvua, za bei ya vitu. Agnela alikuwa akipapasa ukuta kwa jicho muda wote. Akamsifu fundi, na mwenyeji akaitikia kwamba ndiyo, kijana ana mkono mzuri.

"Na kule nyuma ni hivi hivi?" Agnela aliuliza.

"Kunywa chai, mama," alisema Evaresta. "Inapoa."

Naye akanywa. Ungefanya nini? Mgeni hainuki kitini akazunguka uani kwa watu, akakague kamba ya nguo na mlango wa choo. Sisi tumelelewa, na malezi hayo yametuponza wengi, ila hakuna anayesema. Agnela akashukuru, akarudi Sekei na moyo mweupe, akampa Brayson kazi.

Brayson akaanza na mbele, kwa sababu, alisema, nyumba ni uso. Akapigilia wavu wa waya ukutani kwanza ili simenti ishike, akachekecha mchanga, akabandika jiwe moja moja, kila mara akirudi nyuma kulitazama. Majirani walisimama getini. Mmoja alipiga picha. Agnela alikuwa akitoka dukani jioni, anaiona nyumba yake kutoka barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu Hans aanguke anahisi kwamba mambo yanaweza kwenda sawa. Siku zikaenda, mawe ya mbele yanang'aa, na mlima ulio juu ya Sekei ukaanza kujifunika mawingu toka asubuhi.

Nyuma, Brayson alikwenda mbio. Alishapata kazi nyingine mahali, simu yake ikawa inaita kutwa. Wavu haukupigwa, mchanga haukuchekechwa, na Agnela yuko dukani anapima vitambaa. Hans ndiye aliyekuwa akisikia, upande wa pili wa ukuta, mawe yakibamizwa haraka haraka. Angemwambia nani, na kwa neno gani?

Kazi ilipoisha Brayson aliomba sala fupi uani, akashukuru, akaondoka. Agnela akampigia Kaanaeli simu mwenyewe. "Shemeji, njoo uone," alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Masika yakashuka wiki ile ile. Asubuhi moja, baada ya mvua kunyesha usiku kucha bila kupumzika, ukuta wa nyuma ulivimba, na mawe yakaporomoka. Yangeporomoka peke yake ingekuwa afadhali. Yalitoka na udongo wa tofali, yakalitafuna tofali hadi ndani, na juu ya kitanda pakafunguka tundu la kuingiza mkono. Agnela na jirani walimbeba Hans sebuleni, shuka linadondosha maji ya tope. Alikuwa akitetemeka. "Baridi," alisema. "Baridi, baridi."

Simu ya Brayson iliita, haikupokelewa. Kisha ikapokelewa: "Niko njiani, mama." Kisha haikuita tena.

Agnela akamwacha Hans kwa jirani, akaenda Makumira. Labda Mama Evaresta anajua kijana anakoishi. Alibisha, hakuna aliyeitika, na mvua inamnyeshea. Safari hii hakungoja kukaribishwa. Akazunguka nyuma.

Ukuta wa nyuma wa Mama Evaresta ulikuwa umefunikwa turubai la bluu kutoka paani hadi chini, limebanwa kwa matofali. Chini yake, rundo la mawe ya kijivu, yameota majani. Majani yale hayakuwa ya juzi.

Evaresta alikuwa amesimama mlango wa jikoni, beseni mkononi. Wakatazamana.

"Ulijua," Agnela alisema. "Mume wangu amelala kwenye ukuta kama huu, na wewe ulijua."

"Uliniuliza mara moja," Evaresta alisema polepole. "Nikakuambia unywe chai, ukanywa. Mimi nami nilikwenda kuona nyumba ya mtu kabla yako, Mama Irine. Nilinywa chai nzuri tu." Akaliweka beseni chini. "Ungeweza wewe kumleta mgeni hapa, umwonyeshe hivi?"

Agnela akajifunika khanga kichwani. Aliondoka bila kuaga.

Alipofika Sekei gari la Kaanaeli lilikuwa getini. Shemeji alikuwa ameitikia mwaliko, amekuja kuona. Alimkuta kaka yake sebuleni kwenye godoro, kifua kinakoroma mpaka barazani, na kule chumbani tundu linaonyesha migomba ya jirani. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alikunja nguo za Hans moja moja, akauliza dawa ziko wapi.

"Nipe wiki moja, shemeji," Agnela alimwomba. "Nitaweka mabanzi. Alitaka mabanzi."

"Hata wewe huamini hayo unayosema," Kaanaeli alisema, na haikuwa kwa ubaya.

Walimtoa Hans kwa mlango wa mbele. Hakuwa ametoka nje tangu kazi ianze, mawe alikuwa ameyasikia tu. Akawaashiria wasimame. Akanyoosha mkono wake mzima, akayapapasa, baridi na safi, yamepangana vizuri.

"Mazuri," alisema, akamtazama mkewe. Alimaanisha, na hilo ndilo lililomvunja Agnela. Alijishika kwenye nguzo ya baraza mpaka gari lilipopinda njia.

Baada ya hapo alilala sebuleni. Machame alikwenda mara mbili, na mara zote mbili mama mkwe alimwambia Hans amelala, asiamshwe. Chumba cha nyuma alikifunga kwa kufuli. Tundu alilifunika kwa turubai.

Mvua zilikuwa zimekata alipokuja mwanamke mmoja, Naisula, kutoka Nduruma, mdogo kwa Agnela kama mdogo wake wa mwisho. Kaja na sukari kwenye kitambaa. "Shikamoo mama. Fundi Brayson amenielekeza. Anasema nyumba yako ndiyo shahidi wake."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Agnela akamwekea kiti barazani, akaleta chai. Naisula alikuwa akiutazama ukuta akashindwa kujizuia, akaugusa. Akasema ana mama mkwe mgonjwa wa pumu, analala chumba cha uani, anataka kumwekea pakavu kabla ya vuli. Akasema ameshachoka na mafundi waongo.

Agnela alimsikiliza. Maneno yalikuwepo, yamepanga foleni kooni: njoo, mwanangu, zunguka nami nyuma, uone. Ni hatua chache tu. Lakini nyuma kuna turubai, na kufuli, na ndani ya kufuli kitanda kitupu, na swali la kwanza la mgeni lingekuwa, na baba mwenye nyumba yuko wapi?

"Kijana ana mkono mzuri," alisikia sauti yake ikisema.

Naisula akatabasamu, akanyoosha shingo kidogo kuelekea pembe ya nyumba. "Na kule nyuma, mama, ni hivi hivi?"

Agnela akakisogeza kikombe karibu na mkono wa mgeni.

"Kunywa chai, mwanangu," alisema. "Inapoa."

Naisula akanywa.