Siku Niliyopepesuka Mbele ya Wazee

Kwa miaka minne nimelipwa ili nimwagiwe uji kichwani. Ni kazi kama kazi nyingine, nawaambia wanaouliza, ingawa mwenyewe sijawahi kuamini. Kipindi ni cha watoto, huonyeshwa Jumamosi asubuhi kwenye kituo kidogo cha televisheni, kisha vipande vyake husambaa kwenye simu za watu. Tunakirekodi Mugumu, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya soko. Mwenzangu huwafundisha watoto kutengeneza magari ya waya na malapa yaliyokatika, na wanasesere wa maganda ya mahindi. Halafu naingia mimi, baba mkali wa nyumba, suruali nimeivuta hadi kifuani, nafoka, nateleza, napigwa mwiko. Mwisho watoto hushindana kutafuta kifungo ndani ya beseni la matope tunayoyachota kwenye bwawa la Manchira. Mshindi hupewa ndoo ya uji, ukumbi mzima unapiga kelele "Mwagia!", mimi napepesuka kwanza, magoti yakigongana, macho yakizunguka, ndipo uji unashuka.

Kupepesuka huko ndiko kulikonipa umaarufu. Nikipita sokoni, akina mama wananichagulia nyanya nzuri huku wanacheka. Nilidhani ninapendwa. Nilidhani pia kwamba mtu anayependwa husikilizwa, na huo upumbavu umenigharimu.

Baba yangu ni mfugaji huko Tarime. Kipindi alikiona mara moja tu, kwenye simu ya jirani. Aliona mtoto wa miaka tisa akimpiga mwanawe mwiko wa kisogoni. Kwetu Wakurya, mwanamume aliyekwisha kupita jandoni hapigwi na mvulana ambaye hajapita, hata kwa mzaha. Baba alirudisha simu, akaenda kuangalia ng'ombe wake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Aliyekuwa akinitetea nyumbani ni dada yangu anayenifuata. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akapata nafasi ya chuo cha uuguzi. Mwezi huohuo ikaja posa kutoka kijiji cha Kewanja, na baba akaipokea kwa mikono miwili. Dada akanipigia simu. Hakulia, sauti ilikuwa kavu tu.

"Kaka, mimi ni wako," alisema. "Wewe ukikataa, hawana la kufanya."

Alikuwa anasema jambo ambalo kila mtu kwetu analijua. Mvulana hupangiwa dada mmoja, na ng'ombe wanaotolewa kwa ajili ya dada huyo ndio kaka huoa nao. Mimi nilipangiwa huyu. Ng'ombe wa Kewanja wangekuwa wangu, na mwenye ng'ombe akisimama akasema hataki ng'ombe hao kwa sasa, neno lake lina uzito kuliko la mama na la shangazi. Anayeolewa ndiye asiye na neno kabisa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia hivyo nikiwa bado na matope masikioni.

Siku ya wageni nilivaa koti. Wazee walikaa uani kuzunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake, watu wa Kewanja upande mmoja na wetu upande wa pili. Watoto walichungulia kwenye ua wa minyaa. Niliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia vizuri. Baba aliponipa nafasi, nikasimama. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima: ng'ombe siwahitaji bado, binti asome kwanza, posa isubiri.

"Wazee wangu," nikaanza, "hawa ng'ombe ni wangu, na mimi nasema..."

"Mwagia!" sauti ya mtoto ikatoka kwenye minyaa.

Wachache wakacheka. Mzee mmoja wa Kewanja akamuuliza jirani yake kama ni huyu kweli yule wa kwenye simu. Kicheko kikapanda. Ningeweza kusubiri kipite. Ningeweza kumkaripia yule mtoto, kama mwanamume yeyote mwenye akili timamu. Badala yake magoti yangu yakagongana. Nimezoea kusema kwamba sikuyaamuru, lakini huo ni uongo. Nilisikia watu wakicheka, nikataka wacheke zaidi. Nikazungusha macho, nikapepesuka mpaka karibu na chungu, nikajishika. Wazee walishika mbavu. Mjomba alifuta machozi kwa kofia. Mcheza kwao hutunzwa, wamesema wahenga, na kweli nilitunzwa makofi.

Nilipojaribu kuendelea, hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Baba peke yake hakucheka. Aliwageukia wageni.

"Mmemwona," alisema. "Mwenye ng'ombe amefurahi. Tuendelee."

"Baba, sijamaliza."

"Umemaliza. Keti."

Nikaketi. Kupepesuka naweza kujaribu kujisamehe. Kule kuketi siwezi.

Baadaye nilimfuata dada jikoni. Alikuwa anaosha vikombe.

"Walikuwa wanacheka nini?" aliuliza.

Shangazi ndiye aliyemjibu: aliingia akicheka bado, akamwonyesha, kwa magoti yake ya uzee, nilivyofanya. Dada alimtazama mpaka akamaliza, kisha akarudia vikombe vyake. Hakunitazama mimi, na nilishukuru, aibu iliyoje.

Aliolewa kabla ya masika. Nafasi ya chuo akapewa mwingine. Sasa analima huko Kewanja na ana watoto wawili. Nikienda kumtembelea ananipikia vizuri, anauliza habari za kazi, hanilaumu hata kwa nusu neno, na mimi kila mara natafuta sababu ya kuondoka mapema.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba ng'ombe wale sitawagusa. Niliapa mbele ya mama, tena kwa hasira, kana kwamba kuna aliyenilazimisha. Walikaa zizini kwa baba, wakazaa. Mwaka jana nilipata mchumba, wazazi wake wakataka mahari, na mimi sikuwa na kitu. Baba alifungua zizi. Nikachukua fimbo, nikawaswaga mwenyewe.